Dagaa Wetu, Maji ya Watonga

Usiku wangu wa kwanza Siavonga nilichelewa kulala. Nyumba ya wageni niliyofikia imejengwa juu ya kilima, na kibaraza chake kinatazama ziwa. Giza lilipokamilika zikaanza kuwaka taa majini: mbili, tano, kumi na mbili, mwishowe nikaacha kuhesabu. Mtu aliyekulia Kigoma hahitaji kuambiwa taa hizo ni za nini. Utotoni, usiku usio na mwezi, tulikuwa tukikaa ufukweni Kibirizi tukatazama mji mwingine uliojengeka juu ya maji, mji wa karabai, ukihama kidogo kidogo kadiri upepo unavyousukuma. Mama alituonyesha kwa kidole: "Baba yenu yuko mtaa ule wa tatu kutoka kushoto." Tuliamini.

Hapa si Tanganyika. Hapa ni kusini mwa Zambia, mpakani na Zimbabwe, na maji haya ni Ziwa Kariba. Mama yangu ni mkubwa kwa umri kuliko ziwa hili. Watu waliuziba mto Zambezi kwa zege mwaka 1958, maji yakapanda mwaka hadi mwaka, na hadi leo hakuna ziwa lililotengenezwa na binadamu popote duniani linalobeba maji mengi kuliko haya. Ujazo wake ni takriban kilomita za ujazo 180. Urefu wake unapita kilomita 220, na kwa eneo karibu lilingane na Ziwa Rukwa.

Lakini kilichonitoa nyumbani ni dagaa. Samaki wanaovuliwa kwa taa zile si wenyeji wa Zambezi. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakiwa vifaranga, wakasafirishwa kwa ndege na kumwagwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Ni wa kwetu. Nilitaka kuona wanaishije ugenini, na katika kuwatafuta nikawakuta watu ambao ugeni wao ni mzito zaidi, kwa kuwa wao ni wageni kandokando ya mto wao wenyewe.

Kuteremka bondeni

Kutoka Lusaka nilipanda basi dogo lililojaa hadi mlangoni. Baada ya mji wa Kafue barabara huanza kushuka milima inayoliziba bonde la Zambezi, na hapo utakutana na malori ya nchi zote: ya Afrika Kusini, ya Kongo, na mengine yenye namba za Tanzania, yakitambaa kwa gia nzito kuelekea mpaka wa Chirundu. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Ilikuwa Septemba, kabla ya mvua. Abiria walifungua vifungo vya mashati, mama mmoja akamvua mwanawe soksi. Miti ya juu ikaisha, ikaanza mibuyu, mikubwa, myeupe kwa jua, haina hata jani moja.

Kabla ya Chirundu basi liliachana na malori likageuka kulia. Tukaingia nchi ya Lusitu: nyumba za udongo zenye paa la nyasi, mbuzi wengi kuliko watu, ardhi kavu iliyopasuka kama kisigino. Kijana aliyekaa kando yangu, dereva wa teksi aliyekuwa akirudi kwao, aliniambia hapo ndipo alipozaliwa. Nikamuuliza kama babu zake ni wa hapo pia. Akatikisa kichwa. "Babu zangu wako chini ya maji," alisema. Kisha akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha tiketi, akasema nikimaliza kutazama ziwa nimpigie anipeleke kwa bibi yake. Tiketi ile niliitunza.

Ukuta

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye ukuta. Upande mmoja kuna ofisi za uhamiaji za Zambia, upande wa pili za Zimbabwe, na katikati ndiyo njia yenyewe, iliyopita juu ya bwawa. Niligongewa muhuri nikaanza kutembea. Ni mita 617 kutoka ukingo hadi ukingo, mwendo wa dakika kumi, ila hakuna anayeutembea kwa dakika kumi. Kushoto kuna mteremko wa zege unaopinda kuingia korongoni, mita 128 kutoka msingi hadi juu. Kulia kuna maji yaliyotulia kama mafuta kwenye kikaango. Ukitazama huku utasikia kizunguzungu, ukitazama kule utaona amani, na katikati ya hivyo viwili kuna upana wa barabara tu.

Ukuta wenyewe umepinda. Mgongo wa upinde unatazama ziwa, hivyo maji yanaposukuma, nguvu yake inakwenda kwenye miamba ya kingo mbili, kama tao la mlango linavyobebesha nguzo zake uzito. Aliyeusanifu ni mhandisi Mfaransa, André Coyne. Waliojenga ni kampuni ya Kiitaliano pamoja na maelfu ya vibarua Waafrika kutoka nchi za jirani. Kazi ilianza katikati ya miaka ya 1950, wakati nchi hizi zikiwa chini ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na haja kubwa ilikuwa umeme: wa migodi ya shaba kaskazini, wa viwanda kusini. Mwezi Mei 1960, mama yake Malkia wa Uingereza alikuja kuuzindua.

Zambezi haukukubali kirahisi. Mwaka 1957 mafuriko yalikuja yakavuruga kazi. Mwaka uliofuata yakaja makubwa zaidi, maji mita za ujazo 16,000 kwa sekunde moja, yakafunika ukuta wa muda uliokuwa ukilinda msingi, yakabeba madaraja. Wahandisi walisema ni mafuriko ambayo hayakutarajiwa katika umri wa mtu. Watonga walisema ni Nyaminyami. Huyo ni mwenye mto, mwenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki, na inasimuliwa kwamba ukuta ulipojengwa ulimtenga na mkewe, mmoja akabaki juu, mwingine chini. Pembeni mwa barabara wachongaji wanauza fimbo zake. Nilishika moja. Nyoka amezunguka mti kuanzia mpini hadi ncha, na katikati mchongaji ametoboa vizimba vyenye gololi za mti ndani, na pete zilizoshikana bila kiungo. Vyote vimetoka kwenye kipande kimoja cha mti, bila gundi wala msumari. Ukiitikisa, gololi zinagonga. Nilimuuliza mchongaji inachukua muda gani. Akasema siku nne, kama mti haujapasuka.

Upande wa Zimbabwe, juu kilimani, kuna kanisa la mviringo la Mtakatifu Barbara, lililojengwa na wafanyakazi Waitaliano. Ndani yake yameandikwa majina ya watu 86 waliokufa wakiujenga ukuta, Wazungu na Waafrika. Wamo walioanguka ndani ya zege bichi. Nilisoma majina yote kwa sauti ya chini, kwa kuwa sikuona jambo jingine la kuwafanyia.

Niliporudi, mlinzi alinionyesha korongo chini ya malango sita ya kutolea maji. Kwa miaka mingi maji yaliyorushwa na malango yale yalichimba mwamba hadi likawa shimo la kina cha takriban mita 80, likaanza kuusogelea msingi. Mwaka 2017 ilianza kazi kubwa ya kulitengeneza upya shimo hilo na kukarabati malango, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Sweden. Kitu kilichotengenezwa na mikono, mikono haiwezi kukiacha.

Starehe ya Jumamosi

Siku ya Jumamosi Siavonga hugeuka. Tangu saa nne asubuhi magari ya Lusaka yanateremka, yamejaa watoto, makasha ya barafu na mikeka. Nyama zikawekwa jikoni, muziki ukafunguliwa. Watoto wakaruka katika bwawa dogo la hoteli, hatua kumi tu kutoka kwenye ziwa kubwa kuliko mawazo yao, kwa sababu ziwani kuna mamba na viboko, na kibao kimesimikwa mchangani kuonya. Niliwaona mabibi wawili waliojifunga vitenge wakipiga picha wameegemea ukingo, wakicheka hadi wakashikana mabega. Ilikuwa furaha ya haki. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima katika jiji lenye vumbi anastahili kuona maji.

Jioni nilipanda boti ya kutembeza watu. Tulikuwa kumi na mmoja. Nahodha alitupitisha karibu na visiwa ambavyo zamani vilikuwa vilele vya vilima. Mahali fulani miti iliyokufa bado imesimama majini, mikavu, myeusi, tangu miaka ile ya 1950. Mti uliozama kwenye maji hauozi haraka kama uliolala juu ya udongo. Juu ya kila mti alikaa mnandi au tai mlasamaki, kama mlinzi kwenye nguzo. Kule ng'ambo, nahodha alisema, ndiko Matusadona, mbuga ya Zimbabwe, na siku nyingine tembo huonekana wakitembea ufukweni.

Tulipishana na nyumba inayoelea. Hizo ndizo starehe kuu ya Kariba: chombo cha ghorofa mbili, chenye vitanda, jiko, mpishi na nahodha, ambacho familia au marafiki hukodi wakakaa majini siku tatu au nne, wakilala kila usiku kwenye hori tofauti. Wengi wao huja kuvua samaki ambaye Wazungu walimwita chuimilia, kwa mistari yake na meno yake. Kinywa chake kikifungwa, meno ya juu na ya chini huonekana yamepishana nje kama vidole vya mikono iliyofumbatana. Tangu 1962 upande wa kusini hufanyika mashindano ya kumvua kwa ndoano, na timu hutoka nchi mbalimbali. Lakini chuimilia naye anahitaji kula, na chakula chake kikuu siku hizi ni dagaa wetu. Kwa hiyo hata starehe ya mwenye fimbo ya kuvulia ya bei kubwa imesimama juu ya samaki mdogo kutoka Kigoma.

Jua lilipogusa maji nahodha akazima injini. Ukimya ukaingia. Abiria mmoja aliuliza kina cha maji mahali pale. Nahodha akasema hapo ni kirefu sana, na chini yake kulikuwa na mashamba. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha duka lililohama. Kisha akawasha injini turudi kabla giza halijaingia.

Usiku wa dagaa

Usiku wa Jumapili mwezi ulikuwa haujatoka, na mwenye chombo kimoja akanikubalia nikae pembeni nisiguse kitu. Kwetu tunavua kwa mitumbwi na boti za mbao. Hapa chombo ni jukwaa la bati lililolazwa juu ya maboya mawili ya chuma. Mbele kuna mlingoti unaoning'iniza wavu wa duara, mpana kuliko chumba cha kulala, na winchi ya kuuteremsha na kuupandisha. Walikuwa vijana watatu. Waliushusha wavu kilindini, wakawasha taa, kisha tukangoja.

Kungoja kule nakujua. Maongezi yanapungua, mmoja anajifunika koti, mwingine anachemsha chai. Mbu na wadudu wadogo wanazunguka taa hadi wanaanguka kwenye kikombe. Baada ya saa moja na zaidi kijana wa winchi aliinama akatazama maji, akainuka, akasema neno moja. Wakaanza kuzungusha. Wavu ulipotoka ulikuwa unameta kama shuka iliyoanikwa na mtu akaitikisa juani. Wakaufungua tako, dagaa wakaanguka kwenye kreti kwa sauti ile ile ya mchele unaomwagwa kwenye ungo. Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia tangu baba afariki.

Nilimchukua mmoja nikamweka kiganjani. Jicho kubwa jeusi, ubavu wenye mstari wa fedha, mwili unaopitisha mwanga wa taa hata ukaona kivuli cha utumbo. Ni yeye. Lakini ni mdogo. Kwetu aina hii hukua hata ikapita urefu wa kidole cha kati. Hawa wengi hawakupita kidole cha mwisho. Vijana walinieleza kwamba huku ndivyo walivyo, na wataalamu wamelithibitisha hilo: dagaa wa Kariba wamepungua umbo kuliko wazazi wao wa Tanganyika. Wamezaa sana, wamesambaa, hata kupita ukutani na kufika Ziwa Cahora Bassa kule Msumbiji. Ila wamekuwa wadogo. Nilirudisha akili yangu kwa watu wa Lusitu, nikanyamaza.

Alfajiri dagaa walitiwa chumvi, wakatandazwa kwenye vichanja vya wavu wa waya. Kufikia saa tano jua la Septemba lilikuwa limewakausha. Huku huitwa kapenta. Kwenye soko la Siavonga wanauzwa kwa kikombe, kwa kopo na kwa gunia, na wanunuzi wa gunia hutoka mbali. Mmoja alikuwa mama kutoka Lubumbashi. Aliponisikia nikihesabu kwa Kiswahili kwa kujisemea, akageuka.

"Papa, unatoka ku Tanzania?"

Nikasema ndiyo, Kigoma.

"Ee, basi hizi ni ndakala zenu! Ku Lubumbashi tunakulaka za Kalemie, lakini zikipungua tunafwata hizi za huku." Akaingiza mkono katika gunia, akatoa wachache, akawavunja vichwa na kuwanusa. "Zina chumvi mingi. Za kwenu ziko tamu."

Nilifurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto wake. Lakini nilipouliza vyombo vile vya uvuvi ni vya nani, jibu lilikuwa lile lile kila nilipouliza: wengi wa wenyewe ni watu waliokuja na mtaji kutoka mbali. Watonga ndio wanaozungusha winchi.

Waliohamishwa

Watu wa bonde hili hujiita Basilwizi, watu wa mto mkubwa. Kabla ya ziwa waliishi kingo zote mbili, na Zambezi haukuwa mpaka kwao, ulikuwa njia. Mtu alioa ng'ambo, akazikwa ng'ambo. Walilima mara mbili kwa mwaka: mashamba ya juu wakati wa mvua, na yale ya kando ya mto maji yanapopungua, kwenye tope jeusi lililoachwa na mafuriko. Warufiji wanakifahamu kilimo hiki kwa jina la mlau, na atakayewaeleza nini maana ya kuupoteza hahitaji maneno mengi.

Bwawa lilipoamuliwa, Watonga takriban 57,000 walihamishwa, kama 34,000 upande wa kaskazini na 23,000 upande wa kusini. Ndugu waliokuwa wakivuka kwa mtumbwi wakatenganishwa na maji yenye upana wa kilomita kadhaa, kisha na mpaka wa nchi mbili. Mwanaanthropolojia Elizabeth Colson aliyekuja kuandika habari zao mwaka 1956, pamoja na Thayer Scudder, hakuwaacha tena; alifariki Monze, Zambia, mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 99.

Watu wa Chifu Chipepo walikataa kuondoka. Kiasi cha watu 6,000 walitakiwa kwenda Lusitu, chini ya ukuta, mbali na makaburi yao. Tarehe 10 Septemba 1958 polisi waliwafyatulia risasi wanaume waliokuwa wameshika mikuki, wakaua wanane. Waliobaki wakapakiwa kwenye malori.

Miaka hiyo hiyo dunia nzima ilisoma habari za Operesheni Nuhu. Askari wa wanyamapori chini ya Rupert Fothergill waliwaokoa wanyama zaidi ya 6,000 waliokwama kwenye visiwa maji yalipokuwa yakipanda. Wanawake mijini walichanga soksi zao za nailoni zisukwe kuwa kamba laini, zisiwachubue swala miguu. Ilikuwa kazi ya huruma na ujasiri, nami siidharau. Ninachosema ni kwamba huruma ile ilipaswa kuanza kwa watu. Kisiwa kimoja ziwani kinaitwa Fothergill. Nilitafuta kisiwa chenye jina la mmoja wa wale wanane, sikukiona.

Hata umeme haukurudi kwao. Nyaya nene zinatoka ukutani zikapita juu ya vijiji vyao kwenda mijini, na vijiji vingi chini ya nyaya hizo vimekaa gizani miaka yote. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji na Zambia nzima ikakosa umeme sehemu kubwa ya siku, watu wa Lusaka walilalamika, na walikuwa na haki. Bondeni hawakuona tofauti.

Haya nayaandika kwa ajili ya wasomaji wa nyumbani. Sisi nasi sasa tuna ziwa letu. Desemba 2022 tulianza kujaza maji Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji, nyuma ya ukuta wa mita 131, kwa ajili ya megawati 2,115. Nalipenda bwawa hilo. Nimekaa gizani vya kutosha kujua thamani yake. Siku si nyingi tutataka kupanda boti kule, tuchome nyama, tupige picha. Tufanye hivyo. Lakini kabla ya boti ya kwanza ya starehe tuwe tumekwenda Rufiji chini tukawauliza wakulima wa mlau maji yanawafikiaje, na tuwe tumeliandika jibu lao mahali linapoonekana. Ziwa la Mungu halina deni. Ziwa la mikono ya watu lina deni tangu tone la kwanza, na anayekuja kustarehe juu yake, hata kwa alasiri moja, ameingia katika deni hilo.

Bibi wa Lusitu

Siku ya kurudi nilimpigia simu yule dereva wa teksi. Bibi yake tulimkuta amekaa chini ya mbuyu juu ya mkeka, akipepeta mtama. Alikuwa binti mdogo walipopakiwa kwenye lori. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama mjukuu alivyonielekeza, naye akaitikia kwa makofi. Mjukuu akatafsiri.

Hakunisimulia risasi. Alisimulia mahindi mabichi. Alisema kule mtoni, mwezi kama huu ambao hapa hakuna hata jani, mama yake alikuwa akivuna mahindi mabichi kwenye tope, wakayachoma, na mikono ilinuka moshi hadi usiku. Baada ya kufika Lusitu, mwezi huo ukawa mwezi wa njaa. Nilimuuliza kama amewahi kupanda boti ziwani. Hajawahi. Nikauliza kwa nini. Alimtazama mjukuu wake kana kwamba swali ni lake. "Nitembezwe juu ya nyumba yetu?" alisema.

Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza kwamba nami nimezaliwa kando ya ziwa, refu kuliko hili, na kwamba hawa kapenta wametoka huko.

"Ziwa lenu lilitengenezwa na nani?"

"Mungu, bibi."

Alipepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Basi ninyi hamna wa kumdai."

Nilikuwa nimebeba kilo mbili za dagaa nilizozinunua sokoni ili nizipeleke kwa mama yangu aonje. Nikazitoa mfukoni nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, akafungua, akachagua mmoja na kumtazama kwa karibu, upande mmoja halafu wa pili, kwa jicho la mtu aliyezaliwa na wavuvi. Akamuuliza mjukuu jambo.

"Anauliza," mjukuu alisema, "kwenu wanakuwa wakubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole cha kati, tangu ncha hadi mwanzo wa kiganja. Bibi alinyoosha kidole chake akakilinganisha na changu, akakitazama kwa muda. Kisha akamrudisha yule dagaa mdogo pamoja na wenzake, akafunga mfuko kwa fundo.